Vidonge vya homoni vimenikakamaza viungo: haya mazoezi yanasaidia kweli au tunabembelezwa tu?

#1 Mwiko Mzito (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nina miaka 54, niko Dar. Nilikatwa titi la kushoto mwaka juzi, nikamaliza kemo, nikamaliza mionzi, sasa niko mwezi wa nane wa letrozoli, kidonge kimoja cha miligramu 2.5 kila siku. Nimeambiwa miaka mitano.

Shida yangu sasa si saratani, ni asubuhi. Naamka vidole vimejikunja kama mtu aliyeshikilia fimbo usiku kucha. Jumapili nilisonga ugali wa watu sita, ulipoanza kukaza tu mwiko ukaniponyoka, nikamwita mjukuu wa darasa la tano amalizie. Magoti nayo yanalia. Kushuka daladala natanguliza mguu mmoja, nangoja, ndipo wa pili, na konda anagonga bodi, "mama changamka".

Kliniki nikaeleza. Daktari, kijana mpole tu, akasema, "Mama, fanya mazoezi." Nikamwuliza, mtu asiyeweza kufungua kifuniko cha chupa ya chai afanye mazoezi gani? Akacheka, akaita mgonjwa mwingine.

Kuna aliyefanya mazoezi maumivu yakapungua kweli? Au ni maneno ya kututoa mlangoni? Nataka waliopitia, si wa kunakili.

#2 Kijiwe Nongwa
Naweka kigoda hapa. Pole mama.

#3 Binti Lushoto
Pole. Mie ni anastrozoli, mwaka wa tatu huu. Kwangu ilisaidia, ila hawakuniambia kwamba mwanzoni inauma zaidi. Nilianza kwa kutembea kutoka nyumbani hadi kwenye mkuyu na kurudi, dakika kumi na mbili kwa saa ya simu. Wiki tatu za kwanza nilikuwa narudi nalia na kumlaani aliyenituma. Wiki ya sita hivi nikajikuta nimemaliza ngazi za kanisani bila kushika ukuta. Nilisimama pale juu kama mwehu, nikageuka kuziangalia.

Vidole vilichelewa. Vilingoja mpaka nilipomnyang'anya mtoto mpira wake wa soksi nikawa naubinya kila nikikaa.

#4 Sukari Guru
Mimi sielewi jambo moja. Saratani ya matiti inaletwa na homoni, halafu nyie mnakunywa homoni tena, halafu mnauliza kwa nini mnaumwa.

#5 Nesi Mstaafu
#4 umechanganya, na si wewe peke yako, jina lenyewe linapotosha. Hakuna homoni inayoongezwa hapo. Tamoksifeni inakaa kwenye mlango ambao estrojeni ingeingilia kwenye seli, inauziba. Letrozoli, anastrozoli na eksemestani zinafanya kazi nyingine. Mwanamke aliyekoma hedhi bado anatengeneza estrojeni kidogo kwenye mafuta na misuli, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Dawa hizo zinakifunga hicho, estrojeni inakauka karibu yote. Viungo vilikuwa vimezoea kuwa nayo, ndiyo maana vinalalamika. Wanaopata maumivu ya namna hii ni wengi, wanakaribia nusu ya watumiaji.

#6 Sukari Guru
Sawa nesi, nimepokea. Lakini basi si kilainishi kimekauka? Sasa kiungo kisicho na mafuta unakisugua kwa mazoezi, si unakimaliza?

#7 Kijiwe Nongwa
Swali la fundi gereji hilo 😂 ila hata mimi nataka jibu.

#8 Mtu wa Takwimu
Mleta uzi, kuna jaribio lilifanywa kuhusu hilo hilo. Linaitwa HOPE, liliongozwa na Melinda Irwin wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, matokeo yakatoka kwenye jarida mwaka 2015. Walichukua maelfu ya wanawake wanaotumia dawa za kundi la letrozoli wenye maumivu ya viungo. Nusu wakafanya mazoezi mwaka mzima, nusu wakaendelea kama kawaida. Waliofanya mazoezi, maumivu yao makali kabisa yalishuka kwa asilimia 29. Wale wengine yakapanda asilimia 3.

#9 Mpwani wa Leicester
#8 maelfu umeyatoa wapi? HOPE ilikuwa na wanawake 121. Asilimia ndizo hizo, lakini usiwapandishie watu idadi.

#10 Mtu wa Takwimu
Kweli, 121. Nimeandika kwa kukumbuka. Narekebisha: wanawake 121, dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki, na mara mbili kwa wiki kunyanyua vyuma wakiwa na msimamizi.

#11 Chausiku wa Kisauni
Vyuma! Haya jamani. Hao wana jimu yenye kiyoyozi na mtu wa kuwahesabia. Mie huku nikitoka na raba alfajiri mbwa wa jirani wananipa mbio ambazo daktari hakuandika.

Mie ni tamoksifeni, nna miaka 43. Viungo si sana, langu ni fukuto. Linaanzia hapa kifuani, linapanda shingoni, uso wote unawaka, jasho linatiririka mpaka leso yavuja. Usiku mara nne, mara tano. Mume kahamia sebuleni kwenye feni. Niliambiwa mazoezi yatapunguza, nikatembea mwezi mzima, fukuto liko vile vile. Tena nikitembea jua likishapanda ndo nalichokoza kabisa.

#12 Nesi Mstaafu
Chausiku, kwenye fukuto uko sahihi, tusidanganyane. Mazoezi kwa fukuto ushahidi wake ni dhaifu. Waliofanyiwa majaribio, wengine walipata nafuu, wengine hawakupata. Mazoezi yanakusaidia kwenye uchovu, usingizi na huzuni. Fukuto lina dawa zake zisizo za homoni, muulize daktari wako. Ila usinunue mwenyewe dukani dawa ya sonona uliyosikia inazima fukuto, kwa sababu baadhi yake, kama paroksetini na fluoksetini, zinaizuia ini kuigeuza tamoksifeni iwe dawa yenye nguvu. Utazima fukuto na kuzima kinga yako.

#13 Chausiku wa Kisauni
Ahsante shangazi. Hilo hakuna aliyeniambia.

#14 Mama Sijda
Mimi nimetoka kwenye eksemestani. Nilijua nimeharibika siku niliposhindwa kuinuka kutoka sijda. Kushuka nilishuka. Kuinuka magoti yakagoma, nikabaki pale paji la uso chini, nikisikia wenzangu wameshasimama, mmoja akadhani nimezidiwa na khushui. Nikawa naswali kitini miezi mitano.

Kilichonirudisha chini ni kitu kimoja cha kijinga. Naketi kwenye kiti, mikono nimeikunja kifuani, nasimama, naketi. Siku ya kwanza niliweza mara nne. Nikawa naongeza moja kila siku chache. Nilipofika ishirini nikajaribu zulia. Sasa nainuka, natoa sauti kama mlango mbovu, lakini nainuka.

#15 Kijiwe Nongwa
Khushui 😂😂 Mama umeniua.

#16 Mlima Meru
Naomba nipinge kidogo. Mama yangu alikuwa na maumivu hayo hayo, hakufanya zoezi hata moja, mwaka wa pili yakapungua yenyewe. Nadhani mwili unazoea. Wanaofanya mazoezi wanayapa sifa mazoezi, wanaokunywa mwarobaini wanausifu mwarobaini, kumbe ni muda tu.

#17 Mpwani wa Leicester
#16 una hoja kubwa kuliko unavyodhani. Wamarekani walijaribu omega-3, yale mafuta ya samaki, kwa wanawake 249 wenye maumivu haya. Nusu walipewa mafuta, nusu vidonge bandia. Matokeo ya 2015: makundi yote mawili maumivu yalishuka kwa zaidi ya nusu! Waliopewa bandia nao walipona kama wenzao. Kwa hiyo kila mtu anayesema "mimi nilitumia kitu fulani nikapona", namuuliza, usingetumia ingekuwaje?

Na kwenye HOPE anayefanya mazoezi anajua anafanya mazoezi. Hakuna kutembea bandia.

#18 Mtu wa Takwimu
Lakini kwenye HOPE wasiofanya hawakupona, walibaki pale pale mwaka mzima. Kama ni muda tu, mbona muda haukuwasaidia wao?

#19 Mpwani wa Leicester
Labda kwa sababu walijua wamekosa. Mtu akiambiwa wewe nenda nyumbani endelea kama kawaida, unategemea ajisikie vizuri? Na Cochrane, wale wanaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, walikusanya majaribio ya mazoezi kwa maumivu haya mwaka 2020, wakasema bado hakuna uhakika. Sisemi msitembee. Mimi mwenyewe natembea. Nasema msiahidi watu.

#20 Bibi Harusi Mstaafu
Nyote mnazunguka. Ni unene. Nilipoanza vidonge niliongezeka kilo tisa, magoti yakaanza. Nilipopunguza sita, magoti yakanyamaza. Hesabu rahisi.

#21 Binti Lushoto
Bibi harusi, na vidole je? Vidole havibebi mwili.

#22 Bibi Harusi Mstaafu
Hapo umenipata 😀 Vidole vyangu havijawahi kuuma.

#23 Mzee wa Kahawa
Wakuu, hodi. Nimesoma uzi wote kimya. Mimi ni mwanamume, miaka 61, natumia tamoksifeni mwaka wa pili, miligramu 20.

#24 Kijiwe Nongwa
Mzee umepotea njia, huu uzi wa akina mama.

#25 Mzee wa Kahawa
Sijapotea kijana. Titi unalo hata wewe, dogo tu. Katika wagonjwa mia wa saratani hii mmoja hivi ni mwanamume, na safari hii mmoja huyo ni mimi. Pale kliniki nikiketi benchi wote wanadhani nimemsindikiza mke. Nesi aliwahi kuniambia, "Baba, wasindikizaji wakae nje."

Fukuto ninalo. Nilikuwa nacheka mke wangu alipokuwa anajipepea kwa mfuniko wa sufuria, sasa tunapepeana. Kilichonibana zaidi ni uchovu. Si usingizi, ni kama mtu amechomoa waya. Nikaingia klabu ya jogingi ya mtaani, Jumamosi alfajiri, wale wanaoimba. Mimi sikimbii, niko mkiani na akina mama wenye vitenge, lakini nyimbo zinakusukuma. Uchovu umepungua. Kama ni mazoezi au ni kuwa na watu, sitaki hata kujua.

#26 Kijiwe Nongwa
Mzee shikamoo. Nimeomba radhi, na nimekaa sawa.

#27 Mzee wa Kahawa
Marahaba. Jiguse kifua ukioga.

#28 Chausiku wa Kisauni
Mzee wetu, mwambie mama tunawasalimu na hiyo mifuniko.

#29 Mnyoosha Viungo
Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, Mwanza, nawaona wagonjwa hawa kila wiki. Nijibu swali la gereji la #6 kwanza. Kiungo si bawaba ya mlango. Mlango ukisuguka unalika, lakini kiungo kinapata chakula chake kwa kukunjwa na kukunjuliwa, gegedu inabanwa na kuachiwa kama sponji. Ukikiacha kimetulia ndipo kinapokakamaa. Ndiyo maana asubuhi ni mbaya kuliko mchana. Si kwamba asubuhi umeumia, umelala saa saba bila kukitumia.

Mleta uzi, ukiamka usikimbilie mwiko. Beseni la maji ya uvuguvugu, tumbukiza mikono dakika tano, ukiwa humo fumba na kufumbua. Halafu tembea dakika kumi, si zaidi, wiki ya kwanza. Kipimo changu kwa wagonjwa ni hiki: ukifanya leo na kesho muda kama huu bado unauma kuliko kawaida, ulizidisha, punguza. Ukiuma kidogo ukatulia, endelea.

Kuhusu vyuma vya Yale, chupa ya maji ya lita moja na nusu ina uzito wa kilo moja na nusu, ukiijaza mchanga inazidi. Kusukuma ukuta, kuinuka kitini kama Mama Sijda, kunyanyua chupa. Mara mbili kwa wiki, kila zoezi mara nane hadi kumi na mbili, pumzika, rudia. Watu wanatembea tu wanaacha hii, na ndiyo inayowafaa mifupa. Hizi dawa za kundi la letrozoli zinapunguza uimara wa mifupa, ulizeni kipimo chake, ulizeni na vitamini D.

#30 Mkono wa Kulia
#29 unatuua! Sisi tuliotolewa tezi za kwapa tuliambiwa upande ule tusibebe kitu, hata mkoba. Mimi mwaka wa nne sijabeba ndoo. Mkono utavimba.

#31 Mnyoosha Viungo
Hilo tulifundishwa hata sisi zamani. Mwaka 2009 kulitoka utafiti wa Kathryn Schmitz, Marekani, wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba tayari. Walionyanyua uzito mara mbili kwa wiki, wakianzia kidogo sana na kupanda polepole, mikono haikuvimba zaidi ya wale wasionyanyua. Na vipindi vya kuvimba ghafla vilikuwa vichache kwao. Mkono usiotumika unakuwa dhaifu, halafu siku unadaka mtoto anayeanguka ndipo unaumia. Ila mwenye uvimbe avae ile soksi ya mkono inayobana, na asianze peke yake kwa dumu la lita 20.

#32 Mkono wa Kulia
Miaka minne nimemlipa mtu kunitekea maji. Miaka minne!

#33 Kijiwe Nongwa
Kijana wa maji akiuona uzi huu anakufa njaa.

#34 Sukari Guru
Mimi natoa uzoefu. Shangazi yangu aliacha vidonge wiki mbili tu, maumivu yakaisha kabisa. Akapumzika. Kwa nini mjitese?

#35 Nesi Mstaafu
Sukari, na sasa shangazi amerudi kwenye dawa?

#36 Sukari Guru
Hapana, anasema yuko vizuri.

#37 Nesi Mstaafu
Mwambie arudi kliniki wiki hii, si mwezi ujao. Kidonge hiki hakitibu unachokihisi, kinazuia usichokiona. Ukikiacha unajisikia vizuri, bila shaka, ndiyo mtego wenyewe. Madaktari nao wakati mwingine wanampumzisha mgonjwa wiki chache, kisha wanambadilishia, aliyeshindwa anastrozoli anapewa eksemestani, au tamoksifeni, na wako wanaopata nafuu kwa kubadili tu. Lakini hiyo inafanywa na aliyeandika dawa, kwa tarehe ya kurudi. Nimefanya kazi miaka thelathini na moja. Walioacha kimya kimya ninawakumbuka.

#38 Mama Sijda
Nathibitisha. Mimi nilihamishwa kwa utaratibu, sikukurupuka.

#39 Mpwani wa Leicester
Kuna kitu kingine hakijatajwa. Mimi nilipewa anastrozoli ya kiwanda kimoja miezi sita, sawa tu. Duka la dawa likabadilisha kiwanda, wiki mbili nikawa siwezi kufunga vifungo vya koti. Nikaomba wanirudishie ile ya kwanza, nikatulia. Huku kwenye makundi ya wagonjwa hadithi hii ni ya kila siku.

#40 Mtu wa Takwimu
Wewe si ndiye uliyetuuliza "usingetumia ingekuwaje?" 😏

#41 Mpwani wa Leicester
Umenikamata. Lakini najua nilichohisi.

#42 Nesi Mstaafu
Dawa yenyewe ni ile ile, kinachotofautiana ni vijazo, vile visivyo dawa vinavyojaza kidonge. Wapo wanaoamini, wapo wasioamini. Mimi nimeona wagonjwa wa pande zote mbili.

#43 Msoma Historia
Nitoke nje ya mada kidogo. Mnajua tamoksifeni ilitafutwa iwe dawa ya kuzuia mimba? Ilitengenezwa 1962 katika kampuni ya ICI huko Uingereza, na mwanakemia mwanamke, Dora Richardson. Kwa panya ilizuia. Kwa wanawake ikafanya kinyume, ikachochea yai kutoka. Ikakaribia kutupwa kabla haijaonekana inafaa kwa saratani.

#44 Chausiku wa Kisauni
Subiri. Kwa hiyo mie wa miaka 43 naweza kushika mimba nikiwa juu ya vidonge?

#45 Nesi Mstaafu
Ndiyo mwanangu, hata kama hedhi imepotea. Na mimba juu ya tamoksifeni ni hatari kwa mtoto. Tumieni kinga isiyo ya homoni, kondomu au kitanzi cha shaba. Msiende kwenye sindano wala vijiti.

#46 Chausiku wa Kisauni
Mume abaki huko huko kwenye feni 😂

#47 Mzee wa Kahawa
Niongeze la hatari kwa sisi wa tamoksifeni. Mwezi uliopita mwenzetu wa jogingi, mama mmoja naye wa vidonge hivi, alilalamika muundi unauma. Tukasema ni misuli, kazidisha. Kumbe mguu mmoja tu ndio umevimba, una joto, unauma ukiukanyaga. Damu ilikuwa imeganda ndani. Alifika hospitali kwa sababu binti yake alikataa kutusikiliza. Maumivu ya mazoezi huwa ya miguu yote miwili na yanapungua. Ukiona mguu mmoja, au pumzi inakatika, usiupakie mafuta ya moto, nenda.

#48 Mnyoosha Viungo
Mzee umesema. Tena kuukanda mguu wa namna hiyo ni kosa kubwa.

#49 Mlima Meru
Narudi kwenye mada. Hakuna anayezungumzia usingizi. Mtu anaamshwa na fukuto mara tano, akiamka kila kitu kinauma. Hata mimi nisiye na saratani nikikesha msibani, kesho viungo vyote vinauma. Labda mazoezi yanasaidia kwa sababu unalala, basi.

#50 Binti Lushoto
Inawezekana. Mimi niliacha kuamka usiku kabla vidole havijapoa. Ila kwa Chausiku haikuwa hivyo.

#51 Chausiku wa Kisauni
Kwangu bado. Nimehamishia matembezi magharibi, upepo wa bahari ukiwepo, pale Mama Ngina, kisha naoga maji baridi. Mara tano zimekuwa tatu. Au ni kaskazi imeisha, sijui.

#52 Mwiko Mzito
Jamani ahsanteni, nimesoma yote mara mbili. Mnyoosha Viungo, nilipofumba vidole kwenye maji kama ulivyosema, cha pete cha kulia kinagota, halafu kinafyatuka kwa maumivu. Ni kawaida?

#53 Mnyoosha Viungo
Hicho ni kingine. Kano ya kidole imevimba inakwama kwenye ala yake. Dawa hizi zinaweza kukileta, na ganzi ya kiganja usiku pia. Kutembea hakutakiponya, na kubinya mpira kunaweza kukizidisha. Acha mpira kwa mkono huo, kionyeshe kliniki, kuna banzi ya usiku na kuna sindano.

#54 Binti Lushoto
Samahani mama, mpira wa soksi ni mimi.

#55 Mwiko Mzito
Usijali mwanangu, mpira wenyewe mjukuu kauficha.

#56 Mwiko Mzito
Wakuu, wiki ya saba leo, narudisha mrejesho kama nilivyoombwa faraghani.

Nimetembea siku nne au tano kila wiki, nimeanzia dakika kumi, sasa thelathini na tano. Chupa za mchanga ninazo mbili, mjukuu ananihesabia, na anaiba, anaruka kutoka sita hadi nane. Kile kidole nilichomwa sindano. Kidonge nimekihamishia usiku. Kliniki safari hii walinipa cha kiwanda kingine. Na mkwe wangu kaniletea mafuta ya karafuu kutoka Unguja, najipaka, sitaki maswali.

Asubuhi bado nakakamaa, lakini kwa dakika ishirini, zamani ilikuwa mpaka saa nne. Magoti ndiyo yamebadilika zaidi. Na juzi Jumapili nilisonga ugali mwenyewe mpaka mwisho.

#57 Mtu wa Takwimu
Mazoezi! Nilisema.

#58 Mpwani wa Leicester
Kiwanda kimebadilishwa, mmesikia? Na sindano ya kidole je?

#59 Mlima Meru
Mwezi wa kumi wa dawa huu. Muda.

#60 Mama Sijda
Mimi napigia kura karafuu.

#61 Kijiwe Nongwa
Mama, swali moja. Huo ugali ulikuwa wa watu sita?

#62 Mwiko Mzito
Wanne. Wawili walikuwa safarini.